Mke Mwenzangu Ana Mabawa

Mashosti zangu wanalalamika kuhusu mpira. Jumamosi ikifika ni mume na rimoti, mume na jezi, mume na washikaji zake pale baa ya kona hadi saa tano usiku. Mimi natamani ingekuwa mpira. Wangu amependa kitu kilichozaliwa mwaka 1974, chenye mabawa marefu, rangi nyeupe na mstari wa bluu uliopauka, kinachokunywa mafuta ya bei mbaya na ambacho kila mwaka lazima kilazwe hospitali. Kinaitwa Cessna 172.

Usicheke, mpenzi msomaji. Na usianze kudhani kwamba sisi ni matajiri, maana najua hapo ndipo mawazo yako yalipokwenda. Ndege hii inamilikiwa na watu wanne: mume wangu, daktari mmoja wa meno, mkulima wa maua, na mzee mmoja mstaafu ambaye zamani alikuwa rubani. Bei waliyoinunulia, ukiigawa kwa wanne, kila mmoja alitoa fedha ya gari la kawaida kutoka Japani. Kununua si kazi. Kazi ni spea. Na spea ndiyo inayoingia hadi chumbani kwetu, saa nne usiku, watoto wakiwa wamelala, mtu anageuka upande wako na kusema kwa sauti ya upole kupita kawaida, "Mama watoto, kuna jambo nataka tuongee."

Machi mwaka huu jambo lilikuwa silinda.

Ngoja nikueleze, maana mimi mwenyewe muuza vitenge nimejifunza kwa lazima. Injini ya ndege hii ni Lycoming yenye silinda nne, mbili kila upande, inapozwa kwa upepo kama pikipiki. Kwenye ukaguzi wa mwaka fundi huingiza hewa yenye presha ya 80 ndani ya kila silinda, kisha anatazama saa ya pili inamwambia nini, yaani silinda imeweza kushikilia kiasi gani. Silinda nzima inashika sabini na kitu. Ikishuka chini ya 60 fundi anaanza kukunja uso. Tatu zetu zilikuwa salama. Ile namba tatu ilisoma 48. Fundi, mzee mpole wa Moshi anayeniita shemeji, akaweka sikio kwenye bomba la moshi akasikia hewa inapiga mluzi. Akaifungua, akaisafisha, akapaka dawa nyekundu, akaifuta, akapuliza unga mweupe. Juu ya ule weupe ukatokea mstari mwekundu mwembamba kama uzi wa cherehani, kutoka kwenye kiti cha valvu ya moshi hadi kwenye tundu la plagi.

"Shemeji," akaniambia, "hii imekufa."

Silinda mpya kutoka Marekani ni zaidi ya dola elfu mbili, hujagusa usafiri. Sasa sikiliza uzuri wenyewe. Sisi tuna nyumba Usa River ambayo imefika usawa wa linta, ina fedha ya mabati benki, na akaunti ile ina saini mbili. Moja ni yangu. Aliposema anakwenda Nairobi kutafuta ya bei nafuu, nikamwambia vizuri sana, twende wote. Nilitaka kuona kwa macho yangu huko fedha zetu zinakokwenda kulala.

Kwa nini Nairobi? Kwa sababu kwa ndege ndogo zilizochoka, mji mkuu wa Afrika Mashariki si Nairobi yote, ni kipande kimoja tu cha Nairobi: Uwanja wa Wilson, pale Langata Road. Ukitoka Arusha asubuhi kwa mabasi madogo ya Namanga, mchana uko getini. Huna haja hata ya kuingia mjini. Tulipata gesti South C, mwendo mfupi tu, na usiku tulilala tukisikiliza magari ya Langata. Asubuhi nilidhani nitaamshwa na adhana au jogoo. Niliamshwa na propela.

Kama hujawahi kufika Wilson, usijenge picha ya Jomo Kenyatta au KIA. Wilson ni kama gulio. Njia mbili za kurukia zinazokatana, vigereji na mahangari yamebanana, ndege zimepangwa kama daladala zinasubiri zamu. Huku watalii wenye kofia mpya wanapakiwa kwenda Maasai Mara, huku magunia ya miraa, huku madaktari wa AMREF wanaokwenda kubeba wagonjwa vijijini kwa ndege, huduma waliyoianza mwaka 1957. Upande wa kusini iko mbuga ya taifa yenye simba, kaskazini-magharibi mabati ya Kibera, na nyuma kidogo mgahawa wa Carnivore unafukiza nyama. Juu ya vyote hivyo wanazunguka mwewe na korongo wale wakubwa wenye vipara, na rubani yeyote wa Wilson atakuambia ndege hao wa manyoya anawaogopa kuliko wingu.

Na unajua uwanja huu uliasisiwa na nani? Mwanamke. Florence Kerr Wilson, mjane, mwaka 1929 alianzisha shirika la Wilson Airways akiwa na rubani Tom Campbell Black na ndege ndogo moja ya Gipsy Moth. Vita ya pili ilipokuja shirika likafa, ndege zikachukuliwa kwa shughuli za vita. Lakini mwaka 1962 uwanja ukapewa jina lake. Nilimwambia baba watoto: unaona, mwanamke akishika hesabu, uwanja unabaki karibu miaka mia. Akajifanya anatazama ndege inayotua.

Somo la kwanza nililopata pale ni la kusahau Kirinyaga Road. Kaka yangu ana Noah, na kila ikiharibika hukatiza mtaa ule wa katikati ya Nairobi ambao wazee bado wanauita Grogan, anapiga kelele, anashusha bei, anaondoka na gia boksi begani. Hivyo ndivyo tulivyozoea wote, Kirinyaga Road kule na Gerezani kwetu. Unashika chuma, unakigonga, unakinusa, unataja bei. Nilikwenda Wilson na akili hiyo hiyo, na ulimi wangu wa Soko Kuu la Arusha umenolewa.

Gereji ya kwanza tulimkuta dada mtunza stoo, ana suka nzuri na miwani mwisho wa pua. Nikamuuliza silinda ni shilingi ngapi. Akaniuliza, ya karatasi gani?

"Silinda, dada, si karatasi."

Akacheka, akavuta kiti. "Mama, hapa unanunua karatasi. Chuma tunakufungia kama nyongeza."

Akatuwekea mezani boliti mbili. Kwa macho yangu ni pacha. Moja ina alama ya msalaba kichwani, imetoka kwenye boksi lenye namba ya kundi ilimotengenezwa, na hiyo namba ukiifuatilia itakupeleka hadi kwenye kiwanda. Nyingine alinunua duka la vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kufundishia watu wagumu kama mimi. Ile ya kwanza ni bei ya sahani ya chipsi, ya pili ni bei ya peremende. Akasema, "Hii ya peremende inaweza kuwa nzuri kuliko hii nyingine. Tatizo hakuna mtu duniani anayeweza kukuapia."

Halafu akatusimulia habari ambayo mume wangu alikuwa anaijua na hakuwahi kuniambia, na nadhani ninajua kwa nini. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege aina ya Convair 580 ya shirika la Partnair la Norway ilitoka Oslo kwenda Hamburg. Ikaanguka baharini karibu na Denmark. Watu wote 55 wakafa. Wachunguzi walipookota mabaki na kuyapanga, wakakuta boliti na pini zilizoshikilia mkia zilikuwa feki, chini ya kiwango. Boliti! Wala usiseme hayo ni mambo ya zamani. Mwaka 2023 kampuni moja ndogo ya London ilibainika kuuza spea za injini za ndege kubwa za abiria kwa vyeti vya kughushi, na mashirika makubwa ya nchi mbalimbali yakaanza kusaka spea hizo ndani ya injini zao.

Kwa hiyo karatasi. Spea ya Marekani inakuja na Fomu 8130-3, ya Ulaya inakuja na Fomu 1 ya EASA, na iliyotengenezwa upya hapa kwetu lazima iwe na cheti cha karakana iliyoidhinishwa, chenye saini ya mtu ambaye kesho anaweza kuitwa ajieleze. Bila hivyo, kwa mujibu wa sheria, hiyo si spea. Ni chuma.

Sasa nikauliza swali la mama mwenye nyumba: kama kila kitu lazima kiwe na karatasi, unafuu uko wapi? Na hapa, msomaji, nikiri nilifurahi, kwa sababu unafuu upo, tena mwingi, ila umejificha kwenye pembe ambazo mtu mwenye haraka hazioni.

Kwanza ni bahati ya kupenda ndege ambayo kila mtu ameipenda. Cessna 172 zimetengenezwa zaidi ya 44,000, hakuna ndege nyingine iliyofikia idadi hiyo. Ni Corolla ya angani. Kiwanda kilisimamisha ndege zake ndogo za pistoni mwaka 1986, kwa sababu kesi za fidia Marekani zilikuwa zinakula faida yote, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1994 na utengenezaji kurudi mwaka 1996. Miaka kumi bila ndege mpya! Watu wakalazimika kutunza za zamani, na penye uhitaji kukazuka viwanda vidogo vya kutengeneza spea mbadala. Hivi vinapewa na FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kibali kinachofupishwa PMA. Si feki, si "Taiwani". Kiwanda kimethibitisha kwamba kitu chake ni sawa na cha mwenye ndege au kinakizidi, na mara nyingi bei iko chini.

Mfano ulionigusa ni reli za viti. Kiti cha rubani wa Cessna kinateleza mbele na nyuma juu ya reli, kinashikwa na pini ndogo zinazoingia kwenye matundu. Matundu yakiliwa, pini inaponyoka. Hebu fikiria: ndege inaondoka, pua iko juu, kiti kinarudi nyuma ghafla, na rubani anajishikilia kwa kitu kilicho karibu, yaani usukani. Anauvuta. Ndege inazidi kuinua pua hadi inakosa mwendo. Watu walikufa hivyo, na mwaka 1987 FAA ikatoa amri kwamba reli hizo zikaguliwe na kupimwa mara kwa mara. Nilimtazama mume wangu. Akasema zetu zilipimwa. Nikamwambia zitapimwa tena, mbele yangu. Kuna kampuni ya kule Kansas, McFarlane, inatengeneza reli na pini hizo kwa kibali cha PMA, na dada wa stoo alikuwa nazo kwenye rafu. Pini tulizinunua palepale bila hata kupatana. Kuna vitu havipatanwi.

Pembe nyingine ya unafuu ni kutotupa. Plagi ziko nane, mbili kila silinda, na za chini huchafuka tofauti na za juu, hivyo fundi makini anazizungusha kwa zamu zichakae sawasawa. Tairi la ndege linaruhusiwa kuvalishwa ganda jipya kwa utaratibu maalumu. Plastiki za ndani zilizopasuka kwa jua, zile zisizobeba uzito wowote, unaziunga. Mzee mstaafu wa kundi lao amezishona zetu kwa mkono na zinapendeza kuliko alivyozikuta.

Lakini silinda iliyopasuka haishonwi. Na hapo ndipo tukaanza kutembea.

Tulitembea gereji tano siku ile, jua la Nairobi linadanganya kwamba si kali. Ya pili walikuwa na silinda mpya kabisa, kwenye boksi, ya kuagiza kwa wiki sita, na bei yake ilikuwa ni mabati yote pamoja na misumari. Ya tatu walitoa bei nzuri ya silinda iliyofumuliwa na kutengenezwa upya, tukachangamka, ndipo wakauliza, "Ya zamani mmekuja nayo?" Kumbe bei ile inahesabu kwamba unawaachia yako mbovu, nao wataifufua wauzie mwingine. Ni kama chupa ya soda. Sasa yetu ina ufa, chupa imevunjika, hairudishiki. Bei ikapanda palepale kwa karibu robo. Ya nne bosi hayupo. Mume wangu alikuwa ameanza kuwa mkimya, na ukimya wake naujua, miaka kumi na minne si mchezo.

Tukakaa kwenye kibanda cha chai na mandazi nje ya mahangari. Habari Wilson zinatembea kuliko upepo, maana hatujamaliza kikombe akaja kijana nadhifu, viatu vinang'aa, akatusalimia kwa heshima zote.

"Mama, baba, nimesikia mnatafuta silinda ya Lycoming. Iko. Mali safi."

Alikuwa nayo kwenye buti la gari, imefungwa kwa taulo. Na kweli ilikuwa inapendeza. Imepakwa rangi, mapezi yake yamenyooka, valvu zinang'aa. Bei aliyotaja ilikuwa chini ya nusu ya kila kitu tulichosikia tangu asubuhi. Nilipiga hesabu kichwani: mabati yanabaki, na milango miwili.

Baba watoto akaigeuza mikononi, akaitazama ndani kwa tochi ya simu. Akauliza imetoka ndege gani. Kijana akasema ilikuwa inaruka vizuri tu. Akauliza ndege namba ngapi. Ya rafiki. Imeruka saa ngapi tangu itengenezwe? Chache. Karatasi?

"Baba, hiyo karatasi tutapanga."

Sikiliza, msomaji. Kuna wakati katika ndoa unaweza kunyamaza na baadaye ukasema mimi sikusema kitu. Fedha ni yenu wote, mabati ni yenu wote, na mwenzako anakutazama akitafuta usoni pako ruhusa ya jambo ambalo moyo wake unajua. Nilimwona anapima. Nikamuuliza polepole, kwa Kichaga, kijana asisikie:

"Huyu akija kumposa binti yako, hasemi kwao wapi, hasemi alikuwa anaishi na nani, anasema hayo tutapanga, utampa?"

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Arusha. Akaifunga ile silinda kwenye taulo lake taratibu kama anavyofunika mtoto, akairudisha, akasema asante ndugu yangu. Kijana hakukasirika. Alituachia namba ya simu, na nadhani hakukaa nayo wiki. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwamba kile chuma sasa kinaruka mahali fulani na mtu nyuma yake amemshika mtoto.

Gereji ya tano iko mwisho kabisa, nyuma yake kuna majani marefu na humo mna mizoga ya ndege: mkia hapa, bawa pale, kiunzi kisicho na macho. Inatia huzuni kidogo ukiizoea ndege kuwa kitu cha juu. Lakini mwenye gereji, mzee wa Kikuyu mwenye koti la kazi lililopauka, aliuita uwanja ule benki yake. Ndege ikiharibika bawa kiasi cha kutofaa kutengenezwa, injini yake inaweza kuwa nzima kabisa. Alikuwa na moja ya namna hiyo, 172 ya Kenya iliyochukuliwa na upepo ikiwa imeegeshwa. Injini yake ni sawa na yetu, na ina daftari lake tangu siku ya kwanza: saa zote, mafuta yote, mafundi wote kwa saini zao. Silinda tatu zilikuwa zimeshauzwa. Imebaki moja. Ameifungua, ameikagua kwa ile dawa nyekundu, ameibadilisha valvu ya moshi na mwongozo wake, ameweka ringi mpya, na karakana yake inatoa cheti. Hakutaka ya kwetu kama dhamana, kwa sababu yeye hakuna aliyemdai chupa.

Bei: nusu ya mpya na kidogo juu.

Nilifungua mdomo kupatana. Mzee akainua kidole. "Mama, bei ya chuma tunaweza kuongea. Bei ya saini yangu hapana." Tukaongea ya chuma. Alishuka, si sana, ila akaongeza gasketi zote na mirija ya mafuta, na chai.

Hatukulipa siku ile. Ndege yetu namba yake inaanza na 5H, ni ya Tanzania, na za Kenya zinaanza na 5Y. Kanuni za nchi zetu za Jumuiya zinafanana siku hizi, kuna chombo cha pamoja kinachoitwa CASSOA, kilichoanzishwa mwaka 2007 na ambacho makao yake yako Entebbe, lakini kufanana si kuwa kitu kimoja. Ilibidi fundi wetu Arusha apigiwe, atumiwe picha ya cheti, naye ajiridhishe kwamba TCAA inaitambua karakana ile. Akasema, "Shemeji, subirini hadi asubuhi." Hapo ndipo ujue mtu anayekutakia mema. Angetaka kuonekana mjuaji angesema leteni.

Kwa hiyo tukapata usiku mmoja zaidi Nairobi ambao haukuwa kwenye bajeti. Tulikula nyama choma Nairobi West, mguu wa mbuzi na kachumbari, bila watoto, bila simu ya duka. Na tukaongea yale ya saa nne usiku, ila safari hii mezani, macho kwa macho. Nikamwambia mimi sina ugomvi na ndege. Ugomvi wangu ni kwamba kila ikiumwa inakuja kama dharura, na dharura zote zinaangukia akaunti ya nyumba. Injini ile imepangiwa saa 2,000 kabla ya kufumuliwa yote, hilo linajulikana tangu siku ilipofungwa. Hakuna dharura inayotoa taarifa mapema hivyo! Kila saa moja mnayoruka, wekeni fedha ya injini pembeni, kila mmoja kwa saa zake, kwenye akaunti ya ndege. Anayeruka sana alipe sana. Daktari wa meno anaruka kila wikendi na analipa sawa na mkulima wa maua anayeruka Pasaka na Krismasi, hiyo ni haki ya wapi?

Alikaa kimya, akang'ata mfupa. Akasema marubani wa Wilson wote wanafanya hivyo. Nikamuuliza, na nyie je? Akasema ataongea nao. Nikasema nitaongea nao mimi, wewe lete soda. Na niliongea nao, Jumapili iliyofuata, sebuleni kwangu. Mzee mstaafu alinipigia makofi. Daktari alinuna wiki mbili, sasa analipa.

Asubuhi fundi akapiga: karakana inatambulika, chukueni. Tukalipa, tukapewa boksi, cheti kwenye bahasha ya plastiki, na nakala za kurasa za daftari. Silinda ina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, najua kwa sababu niliipakata hadi Namanga, baba watoto akiwa ameshika bahasha kama ameshika cheti cha ndoa. Mpakani ofisa wa forodha akafungua boksi, akatazama yale mapezi, akauliza, "Hii ni ya pikipiki gani kubwa hivi?" Tukamwonyesha risiti na karatasi. Alisoma mstari kwa mstari, akaita mwenzake naye akasoma. Saa nzima na nusu. Basi letu likaondoka, tukapanda lingine.

Kuifunga ilichukua siku moja na nusu. Nilikuwepo Kisongo, nimekaa kwenye debe, nikimwona fundi anakaza nati kwa spana yenye kipimo, kidogo kidogo, kwa mpangilio, huku na huku, asikaze moja ikamaliza wakati nyingine imelegea. Reli za viti zilipimwa mbele yangu, tundu moja moja, na pini mpya zikaingia. Kisha akaandika kwenye daftari la injini: namba ya silinda, ilikotoka, cheti namba ngapi, tarehe, saini. Ukurasa ule una miaka zaidi ya hamsini ya mwandiko wa watu nisiowajua.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nilidhani silinda mpya inabembelezwa. Fundi akasema hapana shemeji, ringi mpya hazitaki kudekezwa, zinataka kazi: injini isiachwe iunguruma chini muda mrefu, irushwe kwa nguvu, na mafuta ya mwanzo yawe yale yasiyo na dawa, mpaka ringi zikae. Ukiibembeleza kuta zinateleza kama kioo, na itakula mafuta maisha yake yote. Nikamtazama baba watoto. Hakusema neno.

Aliruka peke yake mara tatu, akizunguka juu ya uwanja, kila akitua wanafungua kofia ya injini na kunusa. Mara ya nne nilipanda. Tulipita Usa River chini chini, nikaiona nyumba yetu, kuta zimesimama, juu wazi, unaona vyumba vyote kama kreti la mayai. Fedha iliyobaki inatosha mabati ya upande mmoja na nusu. Mengine ni Desemba, vitenge vikiuzika.

Magneto ya kushoto inafikisha saa 500 mwezi wa nane na lazima ifunguliwe ikaguliwe. Safari hii fedha iko kwenye akaunti ya ndege. Nimeshamwambia kule Nairobi tunalala siku mbili, na moja ni ya kwangu Eastleigh.